Ndimi Arobaini za Mashua ya Poddar

Kajori Sanyal alikuwa na watu watatu wa kuwadharau, na aliwadharau kwa zamu, kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Wa kwanza alikuwa tajiri wake, Anukul Poddar. Tumbo mbele, pete nane vidoleni, kila pete na jiwe lake la kumkinga na nyota fulani mbaya. Kwa miaka thelathini Poddar alikuwa akitengeneza bembea za maonyesho katika karakana yake pale Howrah, mji wa viwanda kando ya mto Ganga: magurudumu makubwa, farasi wa kuzunguka, vikombe vya kutia kizunguzungu. Ukimuuliza habari za usalama wa abiria, alikuonyesha limau moja na pilipili saba zilizotungwa kwenye uzi na kuning'inizwa mlangoni. Limau na pilipili zilibadilishwa kila Jumamosi bila kukosa. Bolti zilibadilishwa zikikatika.

Wa pili alikuwa fundi mkuu, Dulal Karmakar, mzee wa miaka sitini na ushei mwenye dole gumba lililopondwa zamani na nyundo. Dulal alikuwa akiusoma mchoro kwa kuugeuza mara tatu, kisha anauweka chini na kutengeneza alichoona yeye kinafaa. Kila asubuhi alipitia mashine zote akizibandika nukta ya unga mwekundu wa ibada. Hata kipimo cha Kajori, kile cha chuma cheupe alichokuwa hampi mtu kukishika, nacho alikibandika. Kajori alikifuta kwa spiriti kila siku, polepole, mbele ya macho ya mzee, akihakikisha kwamba anaonekana.

Wa tatu walikuwa abiria. Watu wa kusimama bembea ikiwa angani ili wapigwe picha. Watu wa kuachia mikono yote miwili ili jirani aone kwamba hawaogopi. Kajori aliwaona wana akili za kuvukia barabara tu, tena barabara yenyewe iwe tupu. Lakini hao wa tatu aliwadharau kwa namna yake, kwa sababu kila alichochora kwa miaka mitatu alikichora kwa ajili yao.

Alikuwa na sababu. Mwaka juzi, katika maonyesho ya wilaya ya jirani, mtoto wa kike wa miaka sita alianguka kutoka kwenye mashua ya bembea, ile inayoning'inia na kuyumba huku na kule. Gazeti liliandika mistari mitatu. Kajori alikwenda mwenyewe kuitazama ile mashua na akaona kwa dakika moja kilichotokea. Kila benchi lilikuwa na chuma kimoja kirefu cha kuwalalia mapajani abiria wanne. Chuma kikishuka kinakomea kwenye paja la mnene kuliko wote. Mama alibanwa sawasawa. Mtoto aliyeketi karibu naye alikuwa na nafasi ya kupita mbuzi, na mashua ilipoinuka akateleza chini ya chuma kama sabuni. Aliyechora kile chuma hakuwahi kufikiri kwamba mama atakuja na mwanawe. Kajori alimdharau huyo pia, ingawa hakujua jina lake.

Kwa hiyo Poddar alipopata kazi ya kutengeneza mashua ya viti arobaini kwa ajili ya sikukuu za mungu wa kike Durga, Kajori alimwekea mezani mchoro wa vyuma arobaini. Kila abiria na chake.

"Arobaini?" Poddar aliangua kicheko mpaka pete zikagongana. "Injinia wangu, kwani tunafunga ng'ombe?"

"Ng'ombe hawalipi kiingilio kwenda kufa."

"Watu wanakuja kupiga kelele! Ukiwafunga kama wagonjwa wa hospitali, nani atapiga kelele?"

"Watapiga tu. Wanapiga kelele hata wakiona panya."

Poddar alikubali mwishowe. Hakuguswa na habari za mtoto hata kidogo. Mnunuzi wa mashua ndiye aliyetaka cheti cha usalama, akakitaka kwa maandishi, kwa hiyo vyuma arobaini vikaingia.

Navyo vilikuwa vizuri. Kila chuma kilikuwa na gurudumu dogo la meno ubavuni, na juu ya meno palikaa kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kilichosukumwa na springi. Mafundi walikiita ulimi. Chuma kikishuka, ulimi unaruka jino baada ya jino, tak tak tak, na hakirudi juu tena mpaka mashua isimame na mwendeshaji akanyage kikanyagio. Mnene kwa mwembamba, kila mtu anabanwa kwa kadiri yake.

Siku kumi kabla ya sikukuu ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, Dulal alisimama kando ya Kajori akiwa ameshika ulimi mmoja kiganjani, anaugeuzageuza.

"Didi," alisema, maana mafundi wote walimwita dada, hata waliomzidi umri maradufu. "Haka kadogo ndiko kanakofanya kazi yote?"

Kajori hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akamjibu kwa "da", yaani kaka, kwa mazoea tu. "Hako ndiko mashua nzima, Dulal-da. Bila hako, hayo mengine ni mapambo. Hakuna kipande muhimu kuliko hicho humu ndani, ukiwemo wewe."

Mafundi wawili walicheka. Dulal hakucheka. Aliutazama ule ulimi kwa heshima, akaufuta kwa pindo la shuka yake, akaurudisha mahali pake.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Kajori alipakia mashua mifuko ya mchanga, mizito na myepesi, akaiendesha mara mia. Ndimi zote arobaini zilinasa. Akajaza fomu ya majaribio, akatia sahihi yake chini, akaacha nafasi ya sahihi ya mkaguzi, akaenda nyumbani akiwa ameridhika na nafsi yake kwa namna isiyopendeza kwa yeyote aliyekuwa karibu.

Asubuhi ya Bishwakarma, anga ya Howrah ilikuwa imejaa tiara za karatasi na vipaza sauti vya kila karakana vilikuwa vikishindana. Siku hiyo chombo hakifanyi kazi. Mashine za kukereza zinaoshwa, zinavishwa maua ya njano, na nyundo, tupa na koleo zinalazwa mbele ya sanamu ya mungu juu ya tembo wake. Zikishalazwa haziguswi mpaka kesho yake, sanamu itakapopelekwa kuzamishwa kwenye Ganga. Kajori aliyajua yote hayo toka utotoni. Alijifungia ofisini ghorofani, akafunga na madirisha.

Poddar akamfuata huko, kavaa hariri, uso unang'aa mafuta.

"Injinia, mkaguzi anakuja leo. Haldar mwenyewe. Nimemwambia aje ale nasi, kisha aone mashua ikitembea na watu. Wake za mafundi na watoto wao watapanda bure. Baraka tupu."

"Leo?" Kajori alibetua midomo. "Si mnasema leo mashine haiguswi? Si mtalaaniwa?"

"Haiendeshwi kwa kazi. Hii siyo kazi, ni furaha. Kuhani nimeshasema naye."

Kajori alimtazama. Mtu huyu asiyepanda boti Jumanne kwa kuogopa nuksi, sasa amepata mlango wa nyuma wa kumpitia mungu wake, na amekwisha kumpa kuhani chochote cha kumfumba macho. Akasonya. Lakini mashua ilikuwa imejaribiwa, na ucheleweshaji wa siku moja kwa sababu ya sanamu ya udongo ulimchefua kuliko unafiki wa Poddar.

"Iendesheni," alisema. "Mashine haijui leo ni tarehe ngapi."

Hakufikiri kumuuliza mtu mwingine yeyote, na Poddar naye hakumwambia mtu. Dulal alikuwa nyuma ya karakana tangu alfajiri akipika khichuri, wali wa dengu wa watu mia moja, ndani ya sufuria ambayo ungeweza kuogea.

Saa tisa alasiri Kajori alishuka, maana njaa haina injinia. Mkaguzi Haldar alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya feni, sahani ya mchuzi wa mbuzi mkono mmoja, fomu gotini. Ukaguzi ulikuwa umekwisha. Ulifanyika hivi: Haldar aliinuka, akaigonga safu ya mbele kwa ncha ya mwavuli wake mweusi, chuma kikalia, akarudi kuketi. Sasa alikuwa akitia sahihi huku akitafuna.

"Kazi safi," alimwambia Kajori, mdomo umejaa. "Vyuma vimetulia kweli. Havichezi."

"Umevijaribu kuvinyanyua?"

"Binti, nina miaka ishirini na sita katika kazi hii."

Kajori akamwongeza kwenye orodha, wa nne. Akapita.

Mashuani wake za mafundi walikuwa wakiketi kwa vicheko na kusukumana, sari zao mpya zikimeremeta, watoto wakigombania viti vya nyuma kabisa, kule kunakopanda juu zaidi. Mjukuu wa Poddar alikuwa akilia chini kwa kutaka kupanda. "Ana mafua," Poddar aliwaambia watu. "Upepo wa juu si mzuri kwake."

Kajori alielekea kwenye kijukwaa cha mungu kwa sababu ndipo palipokuwa na sinia la peremende. Alinyosha mkono kuchukua moja na akauona mstari.

Mbele ya miguu ya tembo, juu ya kitambaa chekundu, vililala vipande vya chuma vya urefu wa kidole. Mistari miwili, ishirini na ishirini. Kila kimoja kimeoshwa, kimepakwa mafuta, kimebandikwa nukta nyekundu na ua la njano juu yake. Ndimi arobaini.

Aligeuka kuitazama mashua. Vyuma arobaini vilikuwa vimelala juu ya mapaja ya watu, vimenyooka, vizuri kama alivyovichora, kwa sababu yeye mwenyewe alivipa uzito wa kutosha vishuke vyenyewe na kutulia. Vilionekana vimefungwa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefungwa.

Kengele ikalia.

Kajori alikimbia. Kipaza sauti kilikuwa kikinguruma na alipopiga kelele hakusikia hata sauti yake mwenyewe. Poddar alikuwa amesimama mbele ya vitufe, maana heshima ya kubonyeza aliitaka yeye, na alipomwona injinia wake akija mbio na mikono hewani, alimpungia mkono kwa furaha.

Chini ya tumbo la mashua, tairi la lori la kuisukuma lilianza kuzunguka. Mashua ikasogea hatua moja huku, mbili kule.

"Zima!" Kajori alimvuta bega. "Ndimi hazimo! Vyuma havijafungwa!"

Poddar aliitazama mashua. "Mbona vimefungwa? Huna macho?"

"Vimelala tu! Zima, watu watamwagika!"

"Taratibu, taratibu. Dakika tatu tu, nitazima." Hakuondoka mbele ya vitufe, akajaza nafasi yote kwa mwili wake. Akainama kwenye sikio la Kajori. "Haldar anatazama. Usinitie aibu siku ya mungu."

Mashua ilipita, tairi likaisukuma, ikapanda zaidi. Watoto wa safu ya mwisho waliachia mikono yote miwili. Kajori alijaribu kumsukuma Poddar na ilikuwa kama kusukuma gunia la saruji. Alimkwaruza mkono. Yeye akacheka, kwa ajili ya wageni, kama anayetaniwa.

Dulal alitokea kona ya nyuma, mwiko wa khichuri mkononi. Alikuwa amelisikia tairi. Kelele zote za Howrah zisingeweza kumficha sauti ya mashine aliyoifunga kwa mikono yake.

"Nani kaiwasha?" alisema. "Leo?"

Akatazama mashua. Akatazama kijukwaa. Kajori alimwona akielewa yote kabla hajafungua kinywa. Mwiko ukaanguka.

Hakuja kwenye vitufe. Alikwenda kwa mungu. Chini ya mkonga wa tembo ililala nyundo yake kubwa, iliyooshwa alfajiri kwa maji ya Ganga, na Dulal aliinama akaichukua, ua likadondoka. Mwanamke mmoja wa wapishi alipiga yowe: "Dulal-da, usiiguse!" Mzee alipita katikati ya watu mpaka kwenye ukuta palipokuwa na fyuzi za kauri, akainua nyundo, akazivunja zote kwa mapigo mawili.

Muziki ulikatika. Feni ya Haldar ikasimama. Ukimya ulishuka karakana nzima na ndani yake zikasikika sauti za mashuani, vicheko bado, kisha sauti moja isiyokuwa kicheko.

Maana mashua haikujua kwamba imezimwa. Iliendelea kwa uzito wake, huku na kule. Katika safu ya mwisho chuma cha kiti cha pembeni kiliinuka taratibu, kama mtu anayeamka, na mtoto aliyekuwa chini yake akaanza kuteleza mbele. Mama yake, mwanamke wa sari ya njano, alimtupia mguu kifuani na mkono shingoni, akambana kwenye kiti kwa nguvu zake zote, huku chuma chake mwenyewe nacho kikiinuka. Hakuna aliyekuwa akiachia mikono tena.

Kajori alihesabu. Mashua ilikwenda na kurudi mara tisa ndipo ikasimama.

Watu waliteremka. Watoto wengine walikuwa hawajui kilichotokea na walitaka kupanda tena. Hakuna aliyeumia, isipokuwa yule mama aliyekuwa amejichuna paja lote, naye alikaa chini kwenye sakafu na mwanawe mapajani.

Ndipo Poddar akafanya jambo ambalo Kajori hakumdhania hata yeye. Alimnyoshea Dulal kidole chenye pete mbili.

"Umeinua nyundo siku ya Bishwakarma!" Sauti yake ilijaa uchungu wa mtu wa dini. "Mbele ya mungu! Umevunja, siku ambayo hata msumari haugongwi! Umetuletea nuksi wote. Toka kwenye karakana yangu."

Baadhi ya watu walinung'unika, wakitazama sanamu kwa hofu. Na Dulal, yule mzee mpumbavu, aliinamisha kichwa. Aliamini kwamba Poddar anasema kweli.

Kwa mara ya kwanza dharau ya Kajori ilikuwa imepata anayeistahili. Alikwenda kwenye kiti cha plastiki, akaichomoa fomu chini ya sahani ya Haldar. Ilikuwa na duara la mchuzi. Akaisoma kwa sauti, mbele ya wote.

"'Vyuma vimekaguliwa, vinafunga barabara.' Bwana Haldar, ndivyo ulivyoandika?"

"Niliviona vimefungwa," Haldar alisema, akijifuta midomo.

"Basi simama. Safu ya mwisho, pembeni. Mimi nitafunga fyuzi mpya, kuna boksi zima ofisini. Na wewe tajiri, kaa karibu naye, mtasaidiana kupiga kelele. Na mjukuu apande. Mafua yamekwisha, namwona pale anakula barafu."

Hakuna aliyesogea. Macho ya karakana nzima yaliwageukia watu hao wawili.

"Nina shinikizo la damu," alisema Haldar.

"Wewe tajiri?"

"Mimi... mimi leo nimefunga. Mtu aliyefunga hapandi."

"Umefunga nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa sari ya njano, bado yuko sakafuni. "Mchuzi wa mbuzi uko kwenye masharubu!"

Mtu alicheka. Kisha wanawake wote wakacheka, kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha hata tone, nacho kiliendelea kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kustahimili mwanamume yeyote mwenye hariri. Haldar aliichukua fomu mkononi mwa Kajori, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema atarudi wiki ijayo. Aliondoka kwa haraka mpaka akasahau mwavuli.

"Na Dulal-da haendi popote," alisema yule mama. "Akitoka yeye, mume wangu anatoka. Mashua yako utaibembeza mwenyewe."

Poddar aliwatazama wanawake. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda zao.

Kajori angependa jambo hilo liishie hapo, dharau yake imeshinda na yeye amesimama juu yake. Lakini fomu ilikuwa imepita mkononi mwake na alikuwa ameiona. Juu ya sahihi ya Haldar ilikuwepo sahihi yake yeye, nzuri, iliyonyooka. Vyuma vimejaribiwa. Mashine haijui leo ni tarehe ngapi.

Alimkuta Dulal ameketi kwenye ngazi ya nyuma, karibu na sufuria ya khichuri iliyokuwa ikiungua chini.

"Kwa nini hukuniambia umezitoa?" alimuuliza. Alitaka swali liwe kali. Halikuwa.

"Ungenicheka."

Kajori aliuvuta ukuni mmoja kutoka chini ya sufuria.

"Halafu wewe ndiye uliyesema, didi. Nilikuuliza kipi kinachobeba mashua yote, ukaniambia ni kile. Miaka arobaini na moja mimi huweka mbele ya mungu kilicho bora. Nyundo nzuri. Tupa nzuri. Mwaka huu bora ni kile ulichokichora wewe." Alisugua dole gumba lake bovu. "Nimeziandika namba kwa chaki nyuma, moja mpaka arobaini, nizirudishe kesho kila moja kwenye kiti chake. Nilijua haitawaka. Siku hii haijawahi kuwaka mashine humu. Aliyejua leo itawaka ni tajiri, na wewe. Mimi hakuniambia mtu."

Tiara moja ilikatika uzi mahali fulani na watoto wakapiga kelele juu ya mapaa. Kajori aliketi ngazini, kidato kimoja chini ya mzee. Miaka mitatu alikuwa amemwona huyu mtu na mila zake ndio hatari ya karakana, na leo mila ingeachwa ifanye kazi yake, mashua ingelala kimya, ndimi zingelala kwa mungu, na mtoto angekula khichuri. Mila haikuwa imemdhuru mtu. Aliyeivunja ni mnafiki, na aliyemruhusu mnafiki ni yeye.

"Chuma changu ni kibaya," alisema.

"Chuma ni kizuri."

"Ni kibaya, Dulal-da. Kimelala pale kinadanganya. Hakina ulimi na kinajifanya kimefunga. Kama tajiri."

Dulal alifikiri. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na mwavuli wa Haldar. Akaufungua mpaka juu, akakibonyeza kwa kucha kile kishikizo kidogo cha kwenye mpini, akaachia. Mwavuli ukamshukia kichwani.

"Huu hauwezi kudanganya," alisema kutoka ndani ya kitambaa cheusi. "Kishikizo kikiharibika unakufunika hapo hapo. Hata mjinga anajua."

Kajori aliutazama mwavuli, na kile kichwa cha mzee ndani yake, na hakucheka. Alikuwa tayari anachora akilini. Springi chini ya kila chuma, ya kukisukuma juu. Kama hakuna ulimi wa kukinasa, chuma kisimame wima mbele ya watu wote, kikatae kulala. Na waya, ili chuma kimoja kikiwa wima, tairi lisizunguke hata likibonyezwa na Poddar mwenyewe.

"Lete kalamu," alisema. Kisha akakumbuka ni siku gani. "Hapana. Kesho. Tukishamzamisha mungu."

Walizirudisha ndimi kesho yake jioni, moja mpaka arobaini, kwa namba za chaki. Springi ziliwachukua siku sita. Ndimi zilikuwa bado na nukta nyekundu na Kajori hakuzifuta, maana unga mkavu hauzuii jino. Siku Haldar aliporudi, ni Kajori na Dulal waliokaa safu ya mwisho, pembeni, na mashua ikawapandisha mpaka mzee akamwita mama yake.

Siku ya mwisho kabla ya mashua kuchukuliwa na mnunuzi, walikuwa wakipigilia bamba la maelekezo kwenye nguzo ya vitufe, bamba la bati lenye herufi nyeupe. Poddar alikuja kulisoma, mikono nyuma, pete zikicheza. Alisoma kanuni ya kwanza mara mbili.

"'Siku ya Bishwakarma mashine hii haiendeshwi kwa sababu yoyote.'" Akaguna. "Haya! Tangu lini injinia wangu anamwogopa mungu?"

Kajori alikuwa na misumari midomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akampa Dulal.

"Mungu simwogopi, tajiri. Nakuogopa wewe."

Dulal aliugonga msumari wa mwisho.